Dawa Imefika, Uji Haujafika

Ndugu msomaji, nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Wapo walioniuliza kama nimechoka kuandika, na wapo walionidokeza, kwa utani wa nusu kweli, kwamba huenda nimeanza kuogopa. Sababu haikuwa hiyo. Nilikuwa Singida nikimuuguza shangazi yangu, na maradhi niliyokuwa nikimuuguza niliyapeleka mimi mwenyewe, yamefungwa vizuri ndani ya mfuko wa zawadi.

Shangazi ana umri wa miaka sitini na minane. Anaishi wilayani Ikungi na wajukuu wawili, katika nyumba yenye mashine ya kushonea ambayo haishoni tena na banda la kuku ambalo halijawahi kukaa tupu. Ada yangu ya kidato cha tano na cha sita ilitoka katika banda hilo. Kwa kuwa nimerithi jina la babu, yaani jina la baba yake, huniita "baba", na kila ninapoitwa hivyo hukumbuka kwamba nina deni ambalo mshahara wa mhadhiri hauwezi kulilipa.

Mwezi Agosti alinipigia simu akilalamika kwamba tumbo limejaa kama ngoma. Siku nne au tano zilipita bila ya kupata choo, na chakula kilikuwa hakimpendezi. Ningeweza kumuuliza anakula nini, anakunywa maji kiasi gani, na tangu lini ameanza kumeza zile tembe za presha alizoandikiwa mwanzoni mwa mwaka. Sikumuuliza hata moja. Nilifanya kile ambacho sisi wasomi tulioko mjini hukifanya tunapoitwa na nyumbani: nilinunua kitu. Katika duka moja la dawa za Kichina jijini Dar es Salaam nilichagua maboksi mawili ya chai, yenye rangi ya dhahabu, picha ya msichana mwembamba, na maandishi ya Kichina pande zote nne. Muuzaji aliniambia sentensi moja tu: "Hii inafagia kila kitu." Nililipa, nikashukuru.

Nilifika kijijini Oktoba, katikati ya kiangazi. Anayeijua Singida anajua Oktoba ni mwezi gani. Alizeti imekwisha kuvunwa na kukamuliwa, ardhi ya kichanga inapepea, na ndoo ya maji ina thamani yake. Usiku wa kwanza shangazi aliloweka kifuko kimoja katika kikombe cha maji moto, akanywa, akasubiri. Hapakutokea chochote. Baada ya saa mbili akanywa cha pili. Kabla ya kulala akanywa cha tatu, kwa maelezo kwamba dawa ile pengine "imelala" na inahitaji kuamshwa.

Asubuhi ilifanya kazi. Kufikia mchana alikuwa amekwenda chooni mara saba, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. "Baba, hii ndiyo dawa," aliniambia. "Zile za zahanati unameza wala hujui kama zimeingia. Hii unaiona." Jioni akarudia, vifuko viwili. Jirani mmoja aliyesikia sifa zake alikuja kuomba, naye akapewa.

Alfajiri ya siku ya tatu mjukuu wake mkubwa alimkuta amekaa chini kando ya ukuta wa choo, hawezi kuinuka. Midomo ilikuwa imekauka. Misuli ya miguu ilikuwa imekaza kama kamba, na moyo, nilipomshika mkono, ulipiga kwa kurukaruka. Ndani ya nyumba palikuwa na ndoo moja na nusu ya maji yaliyotekwa jana yake. Tulimpeleka zahanati kwa bodaboda, mimi nikiwa nyuma nimemkumbatia asianguke. Pale akawekewa dripu, kisha tukaambiwa tutafute gari la kwenda hospitali.

Tabibu aliyempokea alikuwa binti mdogo, pengine rika la wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu. Aliuliza swali ambalo lilipaswa kuwa rahisi: "Amekunywa nini?"

Nilijibu, "Chai."

"Chai gani, mzee?"

Nilimwonyesha picha ya boksi katika simu. Akaitazama, akaigeuza, akaniuliza tena kwa adabu: "Imeandikwa nini?"

Nimesimama mbele ya madarasa kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimewakemea vijana kwa kunukuu vitabu ambavyo hawajavisoma. Na siku ile, nikiwa nimempa mzazi wangu kitu cha kunywa, jibu langu lilikuwa kwamba sijui.

Jibu lilipatikana baada ya saa moja, kutoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani aliyesoma shahada ya uzamili nchini China. Nilimtumia picha, naye akanirudishia orodha: majani ya fanxieye, mzizi wa dahuang, mbegu za juemingzi, na majani ya yungiyungi. Vitatu vya mwanzo vyote ni dawa za kuharisha, akaongeza, na akaniuliza nani anayevitumia. Sikumjibu siku hiyo.

Tangu wakati ule nimesoma nilichopaswa kusoma kabla ya kwenda dukani, na ninaona ni haki nikushirikishe, ndugu msomaji, kwa sababu maboksi haya yanauzwa katika stendi zetu, katika saluni, na katika mikoba ya wafanyakazi wenzetu maofisini.

Nianze na fanxieye. Kwa tafsiri ya karibu, jina hilo maana yake ni "jani la kigeni la kuharisha". Wachina wenyewe wanakiri kwa jina lake kwamba si lao. Ni sanamaki, jani lile lile ambalo wazee wetu wa Pwani wamelijua tangu enzi za majahazi, na ambalo kwa jina lake la Kiswahili tunalihusisha na Makka. Mti wake huota kaskazini mashariki mwa Afrika, Uarabuni na Bara Hindi. Nao jamaa zake, vichaka vya maua ya manjano, vimejaa katika nyika zetu za kati. Hivyo nililipa fedha Dar es Salaam kununua kwa jina la Kichina jani ambalo binamu zake wako nyuma ya banda la kuku la shangazi.

Dahuang ni mzizi wa mmea uitwao rubabu, na ni mmoja wa mizizi ya kale kabisa katika tiba ya Kichina. Kama sanamaki, ndani yake mna kemikali zinazopita tumboni na katika utumbo mwembamba bila ya kufanya kazi yoyote. Zikifika katika utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo huzivunja, na hapo ndipo zinapoamka: zinausukuma utumbo na kuzuia maji yasifyonzwe kurudi mwilini. Safari hiyo huchukua takriban saa sita hadi kumi na mbili. Kwa hiyo dawa ya shangazi haikuwa imelala. Ilikuwa njiani. Kila kikombe alichoongeza usiku ule kilikuwa kinaifuata ya kwanza kwa nyuma, na zote zilifika kwa pamoja.

Kuna jambo la pili linalotokana na safari hiyo, na hili liwafikie hasa wale wanaokunywa chai hizi ili kupunguza unene. Chakula hufyonzwa katika utumbo mwembamba, kabla ya kufika mahali ambapo dawa hii inafanya kazi. Kinachotoka ni maji, chumvi na uchafu. Mizani itasoma pungufu kwa siku moja au mbili, kisha maji yatarudi na uzito utarudi nayo. Kisichorudi kwa urahisi ni madini ya potasiamu, ambayo moyo na misuli haviwezi kufanya kazi bila ya kuwa nayo kwa kiwango sahihi.

Tabibu yule aliomba kuziona tembe za presha. Zilikuwa za aina inayoongeza mkojo. Akanieleza kwa utulivu kwamba tembe hizo nazo hutoa maji na potasiamu mwilini, na kwamba kwa siku mbili dawa mbili zilikuwa zikichota katika kisima kimoja. Kwa mwanamke wa umri ule, katika mwezi ule, kisima hakikuwa na maji mengi.

Ningeweza kuishia hapo na kuandika makala ya kulaani dawa za Kichina. Ingepata wasomaji wengi. Lakini isingekuwa kweli. Sanamaki yenyewe imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa wagonjwa wanaoihitaji, kwa kipimo kinachojulikana. Na nilipoanza kusoma juu ya tiba ya Kichina nilikutana na jambo ambalo sikulitegemea: wenye dawa hizi kali waliziogopa kuliko sisi.

Daktari mmoja wa China ya kale, Zhang Zhongjing, aliandika mnamo mwaka 200 hivi kitabu kinachofundishwa hadi leo katika vyuo vya tiba ya Kichina. Humo mna mchanganyiko mkali wa kufungua tumbo, unaoongozwa na dahuang, wenye sharti lililo wazi: tumbo likishafunguka, dawa iliyobaki isinywewe. Mna mchanganyiko mwingine mkali zaidi wa mizizi na maua yenye sumu, mmoja kati ya viungo vyake ukiwa gansui, wa jamii moja na minyaa tunayozungushia maboma yetu. Huo hunywewa pamoja na maji yaliyochemshiwa tende kumi za Kichina ili kuukinga mwili. Mtu mwenye nguvu ana kipimo chake, na mtu dhaifu hupewa nusu. Na baada ya tumbo kuendesha, mgonjwa anatakiwa aulee mwili wake kwa uji.

Nililisoma neno hilo mara mbili. Uji. Mahali pengine kitabu hicho hicho kinazungumzia dawa yenye badou, mbegu kali mno za kuharisha, na kinafundisha hivi: dawa ikikataa kufanya kazi, mgonjwa anywe kikombe cha uji wa moto, ikifanya kazi bila kukoma, anywe kikombe cha uji wa baridi. Ina maana kwamba karne kumi na nane zilizopita aliyempa mtu dawa ya kuharisha alitarajiwa kukaa naye, kumtazama, na kuwa na sufuria jikoni. Na hata leo Serikali ya China haiachi mambo haya yajiendee yenyewe: tangu mwaka 1988 inazo kanuni zinazotaja aina 28 za dawa za asili zenye sumu zinazodhibitiwa, na badou mbichi na gansui mbichi zimo.

Niliporudi kijijini shangazi akiwa bado amelazwa, nilikwenda kumwona mzee mmoja mtaalamu wa mizizi, ambaye tangu nikiwa mtoto nilimpita njiani kwa heshima iliyochanganyika na woga. Nilimweleza yaliyotokea. Akasikiliza, kisha akaniuliza maswali ambayo sikumuuliza shangazi mwezi Agosti. Ana miaka mingapi? Alikuwa amekula? Ana maradhi mengine? Nani alikuwa naye usiku ule? Akaniambia kwamba yeye hampi mtu dawa ya kuendesha kama hajui nani atampikia. Mwanamke mwenye mimba hampi kabisa. Na mtu akishaendesha mara tatu, anapewa uji mwepesi wa uwele wenye chumvi kidogo, na anaambiwa alale kivulini. "Dawa ni nusu," alisema. "Nusu nyingine ni uji."

Mzee huyo hajui kusoma Kichina, wala Zhang Zhongjing hakuwahi kuonja uwele wa Ikungi. Lakini wangekaa jioni moja chini ya mti, wangeelewana haraka. Asiyewaelewa wote wawili ni mimi, niliyeichukua dawa kutoka kwa mmoja, nikampita mwingine njiani bila kumuuliza, na kuiweka mikononi mwa mwanamke mzee bila masharti na bila uji.

Hapa ndipo ninapoliona tatizo letu. Dawa husafiri kwa wepesi, kwa sababu hukaushwa, hufungwa, na hubandikwa bei. Maarifa yanayoizunguka hayasafiri kwa wepesi huo, kwa sababu yamo ndani ya watu. Madaktari wa Kichina walipokuja Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, walikuja watu. Walikaa hospitalini, waliwapima wagonjwa, walijifunza Kiswahili cha kuulizia "unaumwa wapi?" Wazee wengi bado wanawakumbuka kwa wema. Kinachofika leo katika stendi ya mabasi ni boksi peke yake. Nguvu imefika, mwenye kuizuia nguvu hajafika.

Nikiwa mtu anayefundisha masuala ya utawala, sikuweza kukaa kwenye benchi la hospitali siku tano bila ya kufikiria mambo ya utawala. Kauli ya shangazi ilinirudia: "Hii unaiona." Sisi ni watu tunaoamini kinachoonekana kutoka. Tunapozungumzia uongozi, maneno yetu ni ya dawa ya kuharisha: kusafisha, kufagia, kung'oa. Mwishoni mwa mwaka 2015 tulipata neno la "kutumbua majipu", na mimi nilikuwa miongoni mwa waliolishangilia. Sijutii kila nilichokishangilia. Palikuwa na uoza, na uoza una haki ya kutolewa.

Lakini kumbuka Aprili 2017. Pale Dodoma ilitangazwa orodha ya watumishi 9,932 walioelezwa kuwa na vyeti vya kughushi. Kughushi cheti ni kosa, na sitalitetea. Hata hivyo nauliza kuhusu uji. Wapo waliokuwamo katika orodha wakakata rufaa kwamba vyeti vyao ni halali. Vipo vituo vya huduma vilivyoamka na upungufu wa watu. Na wapo waliotumikia miaka mingi, wakikatwa michango ya hifadhi ya jamii kutoka katika jasho lao, wakaondoka bila hata hiyo michango. Ilichukua hadi mwaka 2022 kwa Serikali kuamua kuwarejeshea walichochangia wenyewe. Miaka mitano ni muda mrefu wa kusubiri uji.

Daktari mwingine wa Kichina, Zhang Jiebin, aliyeishi kati ya mwaka 1563 na 1640, alizigawa dawa kuu kwa mfano wa serikali. Zile zinazojenga mwili taratibu alizifananisha na mawaziri wema wa wakati wa amani. Dahuang aliiweka upande wa majemadari wa wakati wa vurugu, na akaonya kwamba jeshi halitumiki kwa muda mrefu. Sijui kama watawala wa zama zake walimsikia. Ninajua kwamba mfano wake ungefaa kuandikwa juu ya mlango wa kila ofisi ya umma. Jemadari huitwa, hufanya kazi, hurudishwa kambini. Nchi inayoishi kwa majemadari peke yao itakuwa kama shangazi alfajiri ile: imesafishwa kabisa na haiwezi kusimama.

Narudi kwenye boksi, maana wapo wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma, na lipo la kufanya. Tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002, iliyounda Baraza la kusajili waganga, vituo na dawa zao. Ni sheria inayoiheshimu tiba ya asili kwa kuitaka ijulikane. Lakini boksi langu halikuitwa dawa. Liliitwa chai. Mwaka 2019 iliyokuwa TFDA iligeuzwa kuwa TMDA, ikabaki na dawa na vifaa tiba, na udhibiti wa chakula ukahamia TBS. Nina swali la mwananchi wa kawaida: kitu kinachouzwa kama chai, kikaenda mwilini kama dawa, kinalala katika meza ya nani? Ninaamini kila meza ina watu waaminifu. Ninaogopa ile nafasi iliyo kati ya meza na meza, kwa sababu ndimo maboksi ya dhahabu yanamopenya.

Ombi langu ni dogo. Kila kinywaji chenye sanamaki, dahuang au shubiri kiandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mtu mwenye miwani ya zamani anaweza kuzisoma: kina nini ndani, kinaanza kazi baada ya saa ngapi, kisinywewe kwa zaidi ya siku ngapi, na nani asikiguse kabisa, wakiwamo wajawazito, watoto, wenye maradhi ya figo na moyo, na wanaomeza tembe za kuongeza mkojo. Mstari mmoja tu, kwamba dawa hii huanza kazi baada ya saa sita au zaidi, ungetosha kuviacha vikombe viwili vya shangazi katika birika.

Kwako wewe mwanafunzi na mwanaharakati, ninalo ombi jingine. Ukimpelekea mzazi dawa, mpelekee na maswali. Choo kigumu cha mzee mara nyingi kina sababu inayoweza kuulizwa: maji machache, chakula laini kisicho na nyuzinyuzi, kukaa muda mrefu, au dawa nyingine anayoitumia. Na ukimkuta mtu ameendesha hadi kuishiwa nguvu, dawa ya chumvi na sukari ya pakiti ipo zahanati kwa bei ndogo. Ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi vitamsaidia wakati mnatafuta usafiri. Huo nao ni aina ya uji.

Shangazi alitoka hospitali siku ya tano. Jirani aliyepewa kifuko alikuwa mzima. Alikunywa kimoja, akaona kinamtosha, akaacha. Yeye, ambaye hakumaliza darasa la saba, alitii mwili wake, na nilimwomba radhi kwa kumwogopesha niliporudi mbio kumtafuta.

Tulipofika nyumbani nililitafuta boksi la pili ili nilitupe. Halikuwa jikoni. Shangazi alilihifadhi katika sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na picha yangu ya mahafali na hati ya shamba. Nilipolitoa alinikamata mkono.

"Zawadi ya mtoto haitupwi, baba."

Nilimweleza tena kilichomo ndani. Nilimsomea orodha yote kwa Kiswahili, jani baada ya jani, kama nilivyopaswa kumsomea siku ya kwanza. Alisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza kwa nini sikumwambia mapema kwamba ni sanamaki, maana sanamaki anaifahamu. Mama yake alikuwa akiipata kutoka kwa wafanyabiashara wa Kiarabu pale mjini Singida, na hakuwahi kuwapa zaidi ya majani machache kwa siku moja.

Sikuwa na jibu. Tulikubaliana kwamba vifuko viende chooni na boksi libaki kwake. Akaniomba kalamu. Kwa kuwa mikono yake bado ilikuwa inatetemeka, niliandika mimi, juu ya picha ya yule msichana mwembamba, maneno aliyoniamuru: Dawa ya presha. Kidonge kimoja asubuhi, baada ya uji.